Gari 'jipya' Eldoret: Vigezo vya kuchagua, kupima na kununua

Miongoni mwa wanunuzi wa magari jijini Eldoret, neno 'jipya' lina maana mbili. Kuna gari jipya lililotoka kiwandani bila kumilikiwa na mtu yeyote. Kuna pia lile lililotumika Japani kwa miaka saba, likapakuliwa katika bandari ya Mombasa na kupewa nambari ya usajili ya Kenya kwa mara ya kwanza. Hilo la pili ndilo jipya la watu wengi.

Kwa familia nyingi za Uasin Gishu na kaunti jirani, hakuna kitu cha bei ghali kuliko gari isipokuwa ardhi na nyumba. Fedha zake hutokana na mahindi, maziwa, mshahara, mkopo wa chama cha ushirika au mbio za riadha. Kwa hivyo, mabishano ya wapenzi wa magari kuhusu lipi bora si porojo za kupitisha wakati tu. Nyuma yake mna mambo manne ambayo hayategemei mapenzi ya mtu: sheria, ushuru, hewa ya nyanda za juu na barabara. Asiyeyazingatia anaweza kupoteza akiba ya miaka mingi, na pengine uhai.

Kutoka Peugeot hadi Probox

Kila kizazi katika Bonde la Ufa kimekuwa na gari lake la kusifiwa. Katika miaka ya sabini na themanini sifa zilikuwa za Peugeot 504, hasa lile refu la abiria lililounganisha miji kama vile Nakuru, Eldoret na Kitale. Sifa hizo hazikuwa bure. Peugeot 504 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka wa 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Gari lililostahimili matope na mashimo ya Safari liliaminika kwamba lingestahimili pia barabara ya kijijini.

Safari ndiyo iliyojenga pia majina ya Datsun na Subaru. Shekhar Mehta alishinda mara tano akiendesha Datsun, mwaka wa 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Colin McRae naye alishinda kwa Subaru Impreza mwaka wa 1997. Hadi leo, shabiki wa Subaru akijitetea mbele ya shabiki wa Toyota hawezi kukosa kuitaja Safari.

Uchumi ulipofunguliwa mapema katika miaka ya tisini, magari yaliyotumika Japani yaliingia kwa wingi. Toyota ikatwaa nafasi ya Peugeot, na gari dogo la mizigo aina ya Probox, lililoanza kuundwa mwaka wa 2002, likawa punda wa Bonde la Ufa: hubeba maziwa, viazi, mbolea, na mara nyingi abiria wengi kuliko sheria inavyoruhusu.

Lango la sheria

Kabla mnunuzi hajachagua, sheria huwa imekwisha kumchagulia. Kanuni ya KS 1515 ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) inapiga marufuku kuingizwa kwa gari ambalo miaka minane imepita tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Kwa mfano, mwaka wa 2025 ulipoanza, ni magari yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2018 pekee yaliyokubaliwa. Aidha, ni lazima gari likaguliwe katika nchi litokako kabla ya kusafirishwa.

Usukani nao sharti uwe upande wa kulia. Sharti hili lina uzito wake katika eneo la wanariadha. Katika Mashindano ya Dunia ya Riadha ya 1993 mjini Stuttgart, kila mshindi wa dhahabu alizawadiwa gari aina ya Mercedes-Benz, na miongoni mwa washindi hao walikuwemo Wakenya Moses Kiptanui na Paul Ruto. Hata hivyo, gari lenye usukani wa kushoto, liwe zuri namna gani, haliwezi kusajiliwa nchini kwa matumizi ya kawaida.

Ndiyo maana magari mengi hutoka Japani, na kwa kiasi fulani Uingereza, ambako watu pia huendesha wakiwa upande wa kushoto wa barabara.

Hesabu ya ushuru

Jambo la pili ni ushuru, na hapa ndipo wengi hushtuka. Tangu Julai 2023, ushuru wa forodha kwa magari yaliyotumika ulipanda kutoka asilimia 25 hadi asilimia 35. Juu yake huongezwa ushuru wa bidhaa: asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500, asilimia 25 kwa injini inayozidi kiwango hicho, na asilimia 35 kwa injini ya petroli inayozidi cc 3,000 au ya dizeli inayozidi cc 2,500. Mwisho hutozwa ushuru wa ziada ya thamani (VAT) wa asilimia 16. Kila tozo huhesabiwa juu ya jumla iliyotangulia.

Tuchukue gari ambalo thamani yake ya forodha ni Sh1,000,000. Kwa viwango hivyo, lenye injini ya cc 1,500 litatozwa Sh350,000 za forodha, Sh270,000 za ushuru wa bidhaa na Sh259,200 za VAT, jumla Sh879,200. Lenye injini ya cc 1,800 litatozwa Sh957,500. Ada ndogondogo za uagizaji bado hazijaingia katika hesabu hii.

Thamani hiyo ya forodha haitokani na stakabadhi ya muuzaji. Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) ina orodha yake ya bei, na hupunguza kiasi fulani kadiri umri wa gari unavyozidi. Gari la miaka saba hivyo hulipiwa ushuru mdogo kuliko la miaka mitatu la aina iyo hiyo. Hii ndiyo sababu bandarini hujaa magari yaliyokaribia kikomo cha miaka minane, na ndiyo sababu injini ya cc 1,500 imekuwa kipimo cha kawaida cha Mkenya.

Hewa nyepesi

Kinachofaa bandarini huenda kisifae nyanda za juu. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, Iten kama mita 2,400, na Timboroa juu zaidi. Wanariadha huja kufanya mazoezi huku kwa sababu hewa ni nyepesi na mwili hujizoeza kwa kuongeza damu. Injini haina damu ya kuongeza. Inapovuta hewa nyepesi hupata oksijeni kidogo, na nguvu zake hupungua kwa karibu moja kwa tano. Injini ya nguvu za farasi 100 kule Mombasa hubaki na takriban 80 ifikapo Eldoret.

Kompyuta za magari ya kisasa hurekebisha kiasi cha mafuta ili injini isitoe moshi mweusi, lakini haziwezi kuirejesha hewa isiyokuwepo. Gari dogo la cc 1,000 linalotosha katika mitaa ya Nairobi litahema likipanda kwenda Timboroa na abiria watano.

Kinachosaidia ni turbo. Huu si ule mji ulio kwenye barabara ya kwenda Webuye, bali kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hivyo wanaosifu injini ndogo zenye turbo wana hoja. Wanaozipinga nao wana yao: turbo huhitaji oili safi ya daraja lililotajwa na mtengenezaji, na ikiharibika gharama yake ni kubwa.

Gari la umeme halivuti hewa hata kidogo, hivyo nguvu zake ni zile zile Mombasa na Iten. Tatizo lake ni umbali. Kutoka Eldoret hadi Nairobi ni kama kilomita 310, na mwenye gari la betri ndogo hana budi kupanga mapema mahali pa kulichaji.

Mteremko wa Kerio

Wanunuzi wengi huuliza gari linakimbia kasi gani. Katika eneo hili, swali la busara zaidi ni iwapo litasimama. Barabara itokayo Iten kupitia Tambach huteremka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio, ikiwa na kona kali. Kwenye barabara kuu ya kwenda Nakuru, mteremko wa Sachang'wan na Salgaa umejulikana kwa miaka mingi kwa ajali za magari mazito yaliyoshindwa kujizuia.

Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata joto, na mafuta yake yakichemka pedali huzama bila gari kupunguza mwendo. Dawa ni gia ya chini, ili injini yenyewe ilizuie gari. Anayechagua gari la otomatiki anafaa kuangalia kama lina nafasi ya kushusha gia, ambayo huandikwa L, S au B, na kujifunza kuitumia. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu. Mafundi hushauri yabadilishwe takriban kila baada ya miaka miwili.

Herufi na tarakimu

Anayenunua gari kutoka kiwandani, kwa mfano Isuzu D-Max inayounganishwa Nairobi, huchagua mwenyewe injini, aina ya gia, rangi na vifaa, na hupata dhamana. Anayeagiza gari lililotumika hachagui hayo. Yalichaguliwa miaka mingi iliyopita na mtu mwingine, kwa ajili ya barabara na hali ya hewa ya Japani. Kazi yake ni kusoma kile alichochagua mwenzake.

Ufunguo wa kusoma ni herufi na tarakimu zilizo kwenye kibati cha bodi. Chukua Toyota Fielder ya kizazi kilichoanza mwaka wa 2012. NZE161 ni ya cc 1,500 inayoendeshwa kwa magurudumu ya mbele. NZE164 ina injini ya kiasi hicho hicho, lakini huendeshwa kwa magurudumu yote manne. NKE165 ni ya haibridi, inayotumia petroli na umeme. Zote tatu zikisimama katika yadi huonekana kama mapacha. Msimu wa mvua ukifika Moiben au Ziwa, tofauti itajitokeza kwenye matope.

Hata redio ina la kusema. Masafa ya FM ya Japani huanzia megahatsi 76 na hayafiki 108 kama yetu, hivyo redio ya gari lililotoka huko hukosa stesheni nyingi za Kenya hadi iwekewe kifaa cha kupanua masafa. Hilo ni dogo. Kubwa ni kamera za usalama zilizo nyuma ya kioo cha mbele: kioo kikibadilishwa bila kamera kupimwa upya, mfumo wa kufunga breki zenyewe unaweza kukosea.

Kupima bila kudanganyika

Nyumba njema si mlango, husema wahenga. Nambari ya usajili ni mlango tu. Msururu wa KAA ulianza mwaka wa 1989 na wa KDA mwaka wa 2020, na wengi hukadiria umri wa gari kwa herufi hizo. Nambari huonyesha lini gari lilisajiliwa Kenya wala haionyeshi lilipoundwa. Gari la KDA linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko la KCA lililonunuliwa kutoka kiwandani.

Cheti kinachoaminika zaidi ni karatasi ya mnada wa Japani. Gari hupewa alama: 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 ni ya wastani, na R au RA humaanisha lilirekebishwa baada ya ajali. Karatasi hiyo huonyesha pia kilomita lilizotembea. Ikiwa saa ya gari inasoma pungufu kuliko karatasi, mnunuzi hana haja ya ushahidi mwingine.

Baada ya hapo, gari lijaribiwe barabarani likiwa na mzigo, mlimani na mteremkoni, na fundi asiyetafutwa na muuzaji akague upande wa chini. Hati za umiliki zithibitishwe kwa Mamlaka ya Usalama na Uchukuzi Barabarani (NTSA) kabla ya fedha kutolewa.

Ubishi usiokwisha

Mashabiki wa Toyota watasema vipuri vinapatikana kila soko na gari huuzika upesi. Ni kweli, ingawa kuuzika upesi ni sifa ya soko, si ya breki wala injini. Wa Subaru watasema lao hushika barabara, jambo lisilopingika kwenye utelezi, ila kwa gharama ya mafuta. Wa magari ya Ujerumani watataja uimara wa bodi, mradi mwenyewe awe na fundi mwenye kompyuta ya kuyachunguza. Wa gari la kiwandani watauliza: kwa nini ununue magonjwa ya mwingine?

Kila kambi ina ukweli wake kwa safari fulani. Mwalimu anayekwenda Kapsabet kila siku kwa lami, mkulima wa Moiben mwenye magunia, na mfanyabiashara anayeshuka Kerio kila wiki hawawezi kupewa jibu moja. Afadhali mnunuzi aorodheshe kwanza barabara zake, mizigo yake na gharama atakayoimudu kwa miaka mitano, ndipo aende kwenye yadi. Akitangulia yadi, rangi inayong'aa itamchagulia.