Kaizari Kabla ya Runinga Kufika Mpanda

Kila Krismasi tunasomewa katika Injili ya Luka juu ya Kaisari Augusto na amri yake ya kuhesabu watu. Tunasoma pia waraka wa Mtume Paulo kwa Wafilipi. Wengi wetu hatukuwahi kuambiwa kwamba Augusto na Filipi wanakutana katika tanzia moja ya jukwaani, Julius Caesar, ambayo William Shakespeare aliiandika mnamo 1599. Kijana Octavius wa sehemu za mwisho ndiye aliyekuja kuitwa Augusto. Na Filipi ndipo Brutus alipojiua baada ya kushindwa vita mwaka 42 kabla ya Kristo. Baadhi ya askari wa vita ile waligawiwa ardhi hapohapo, na miaka 90 hivi baadaye Paulo akauhubiria mji wao.

Tanzia hii iliingia katika runinga mapema sana. Julai 1938 BBC ya London iliionyesha mubashara, waigizaji wakiwa wamevaa mavazi ya siku zile, na Kaisari akafananishwa na madikteta waliokuwa wakiitisha Ulaya. Mwaka 1949 kituo cha CBS cha New York nacho kiliifupisha ikaenea katika kipindi cha saa moja. Machi waliionyesha, na Mei wakaicheza upya yote, kwa kuwa siku zile kurudia kipindi kulimaanisha kuigiza tena tangu mwanzo. Aliyesahau maneno alisahau mbele ya watu wote. Majeshi na umati havikuenea studioni, kwa hiyo kilichobaki ni nyuso, na hasa uso wa Brutus.

Hapo ndipo penye uzito kwetu waamini. Brutus si mhuni. Anampenda Kaisari, tena anaheshimiwa mji mzima. Anamuua rafiki yake kwa sababu ya jambo ambalo Kaisari bado hajalifanya, ila huenda akalifanya akivikwa taji. Pilato alinawa kwa maji. Brutus anawaalika wenzake wachovye mikono katika damu, kisha watoke wakatangaze uhuru. Mavazi ya kidikteta, kwa maoni yetu, yalimrahisishia mtazamaji hukumu: ukishamwona Kaisari katika sare inayochukiwa, hujiulizi tena kama Brutus alikuwa na haki.

Mwalimu Julius Nyerere hakuturahisishia hivyo. Mwaka uleule wa 1949 alikuwa amekwenda Edinburgh kusoma. Mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili, na mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Tulifikirie hilo kidogo. Mkuu wa nchi changa aliwapa raia wake, kwa lugha wanayoielewa, habari za mtawala anayechomwa visu na marafiki wanaoogopa utawala wa mtu mmoja. Miaka miwili baadaye nchi yetu iliingia katika mfumo wa chama kimoja. Wanaomsifu Mwalimu na wanaomlaumu wote wana la kusema hapo, na kitabu hakimpi ushindi yeyote.

Runinga haikuwepo wakati huo. Zanzibar waliipata miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Kwetu Mpanda neno lililochapwa lilikuwa na njia yake tayari: reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi.

Mwalimu aliendelea na kazi hiyo ya kutafsiri hadi uzeeni. Mwaka 1996 tenzi zake za Injili zilichapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Mtu yuleyule aliyemtafutia Brutus maneno ya Kiswahili alimtafutia na Pilato, tena kwa vina na mizani. Vijana wetu wanaojiandaa kwa igizo la Ijumaa Kuu wangefaidika kusoma vyote viwili, hasa yule atakayepewa beseni la maji.