Maneno Madogo Yaliyofika Mahakamani

Msomaji, bila shaka umewahi kuketi mbele ya zoezi la Kiingereza, kalamu mkononi, usijue uandike "somebody" au "someone", "anybody" au "anyone". Ukimwuliza mwalimu tofauti yake, huenda akatabasamu, kwa kuwa maneno hayo ni mapacha: "somebody" hupendwa zaidi katika mazungumzo, na "someone" katika maandishi, basi. Tofauti iliyo kubwa iko mahali pengine. "Someone" ni mtu fulani aliyepo, ijapokuwa hatumjui jina. "Anyone" ni mtu yeyote awaye. Anayesema kwamba "someone" ataingia hajasema kwamba mlango u wazi kwa wote.

Mapacha hao walitoka wapi? Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, neno "man" lilifanya kazi mbili. Lilikuwa na maana ya mwanadamu, awe mume au mke. Tena lilikuwa kiwakilishi cha mtu asiyetajwa, kama Wajerumani wanavyolitumia "man" lao hata leo. Kazi hiyo ya pili ilififia polepole, na kufikia mwisho wa karne ya 15 ilikuwa imekoma. Pengo likajazwa na maneno ya kuunganisha: "body", yaani mwili, likawekwa mahali pa mtu, na "one", yaani mmoja, vivyo hivyo. Zamani yaliandikwa mbalimbali, "any body", "some one", na dalili ya jambo hilo ingalipo. "No one" huandikwa mbalimbali hadi sasa, na "everyone" si sawa na "every one": la kwanza ni la watu tu, la pili laweza kuwa la mbuzi au la maembe, moja moja.

Lakini "man" halikuzikwa. Liliendelea kuishi katika "any man", "no man" na "every man". Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imejaa maneno hayo, hata mahali ambapo Kiyunani kilitumia "tis", neno lisilobagua mume na mke. Wakati huo "man" lilikuwa limekwisha kuelekea maana ya mwanamume. Basi aliyesoma "any man" aliweza kufahamu mtu yeyote, au mwanamume yeyote, na mwenye nguvu ndiye aliyechagua maana.

Iko na taabu ya kiwakilishi kinachofuata. Sisi hatuijui. Tukisema, "Kila mtu na alete kitabu chake," neno "chake" halimwulizi mtu kama ni mume au mke. Ndiyo sababu wanafunzi wangu huandika "he" wakimsimulia mama mzazi, nami husahihisha kwa wino mwekundu huku nikicheka moyoni, kwa kuwa nami nilifanya vivyo hivyo. Waingereza wenyewe, tangu karne ya 14, walitumia "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana. Katika karne ya 18 walimu wa sarufi wakasema ni kosa, mmoja hawezi kuwa wengi. Miongoni mwa wa kwanza kufundisha kwamba "he" latosha kwa wote alikuwa mwanamke, Ann Fisher wa Newcastle. Hatimaye, mwaka 1850, Bunge likapitisha sheria ya kufupisha lugha ya sheria: maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawahusu wanawake pia, isipokuwa pale palipoelezwa wazi vinginevyo.

Ahadi njema. Sasa tazama ilivyotimizwa.

Mwaka 1867 Bunge lilijadili sheria mpya ya kura, nayo ilisema "man". Tarehe 20 Mei mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyekuwa mbunge, aliomba neno hilo liondolewe na "person" liwekwe mahali pake. Wabunge 73 walikubali, 196 wakakataa. Hata hivyo wanawake waliikumbuka sheria ya 1850: ikiwa maneno ya kiume yanatuhusu, "man" latuhusu pia! Katika mji wa Manchester peke yake wanawake 5,346 walidai waandikwe katika orodha ya wapiga kura. Mwaka 1868, katika kesi ya Chorlton na Lings, mahakimu waliamua kwamba hapo "man" ni mwanamume tu. Sheria za kodi na za adhabu ziliposema "he", mwanamke alihesabiwa ndani. Ilipofika zamu ya kura, akatolewa nje.

Je, "person" la Mill lingewaokoa? Nina shaka. Mwaka ule ule wa 1867 Bunge hilo hilo liliitungia Kanada sheria iliyosema kwamba maseneta watachaguliwa miongoni mwa "persons" wenye sifa. Mwaka 1928 Mahakama Kuu ya Kanada iliamua kwamba katika kifungu hicho wanawake si "persons". Wanawake watano wa Alberta wakakata rufani mpaka Baraza la Mfalme huko London, ambalo lilikuwa pia mahakama ya mwisho ya rufani kwa Kenya ya wakati wa ukoloni. Tarehe 18 Oktoba 1929 Lord Sankey alitangaza hukumu: "persons" ni wanaume na wanawake. Huko Uingereza kwenyewe wanawake wa miaka 30 na zaidi, wenye sifa fulani, walipata kura mwaka 1918, na usawa kamili na wanaume mwaka 1928.

Ukifungua sura ya nne ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika nakala ya Kiingereza, utakutana na "every person" tena na tena. Lisome sasa ukijua lilikopita.

Na zoezi lako? Umepewa "Everyone must bring", kisha nafasi tupu, kisha "book". "His" peke yake umekwisha kuona lilivyoweza kugeuka. "His or her" ni sahihi, ila huchosha likirudiwa. "Their" ni la zamani kuliko walimu waliolikataza, na kamusi kubwa za leo zalikubali. Wako watahini wasiolipenda bado, kwa hiyo mwulize mwalimu wako kabla ya mtihani. Katika daftari litakaloletwa mezani kwangu, sitalitia alama ya kosa.