Mitaa ya Unguja Mjini na waliojaribu kuisoma

Mji wa Zanzibar una pande mbili zilizokuwa zikitenganishwa na maji. Upande wa magharibi ni Mji Mkongwe, uliojengwa juu ya rasi iliyokaribia kuwa kisiwa. Upande wa mashariki ni Ng'ambo, jina ambalo peke yake laonesha kwamba aliyelitoa alikuwa amesimama upande wa pili. Kati yao palikuwa na Pwani Ndogo, mkono wa bahari uliojaa na kupwa kila siku. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo hadi katika miaka ya 1950, na juu yake leo ipo barabara kubwa inayopita sokoni. Daraja lililovusha watu halipo tena, lakini soko na kitongoji chake bado ni Darajani.

Majina ya mitaa ndiyo kumbukumbu ya kwanza ya mji, na kila mkaazi anayo mdomoni. Mengi yametokana na miti: Mkunazini, Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga, Mwembeladu, Michenzani. Mengine yanataja kazi: Forodhani palipolipwa ushuru, Sokomuhogo, Gulioni. Funguni ni fungu la mchanga, Vikokotoni ni changarawe. Kisiwandui inakumbusha ndui, maradhi yaliyotisha mwambao mzima. Kwahajitumbo na Kwaalinatu yamehifadhi watu ambao vitabu vya masultani havikuwataja. Mwanajiografia wa Kimarekani Garth Myers, aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1993 kuhusu Ng'ambo, aliyachukua majina haya kuwa ushahidi wa historia. Hoja yake ni kwamba serikali hutaja mahali ili ipate kupatawala, ilhali wakaazi hutaja mahali kwa mtu waliyemjua, mti waliokaa chini yake au jambo lililowapata. Ndiyo maana ramani ya ofisini na ramani iliyomo vinywani mwa watu hazilingani.

Walioandika kwanza kwa urefu juu ya mji huu walikuwa wageni. Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika mwishoni mwa mwaka 1856, miezi miwili baada ya Sultani Seyyid Said kufariki, na kitabu chake juu ya mji, kisiwa na mwambao wa Zanzibar kikachapishwa mwaka 1872. Alijaza kurasa kwa habari za Waarabu, Wahindi, Wahadimu na watumwa, lakini kwa jicho la mtu aliyekwisha kuamua nani bora na nani duni kabla hajashuka chomboni. Askofu Edward Steere alifuata njia nyingine. Aliketi na wenyeji, akaandika hadithi zao kwa Kiswahili chao na kuzichapisha mwaka 1870. Kanisa alilosimamia ujenzi wake huko Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka soko la watumwa lilipofungwa, na mahali pale pale palipokuwa na soko hilo. Shahidi wa tatu alitoka ndani ya jumba lenyewe: Salme, binti wa Seyyid Said, aliyechapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886 akijulikana kwa jina la Emily Ruete. Mambo ya ndani ya nyumba za kifalme, ambayo Burton hakuweza kuyaona, yeye alilelewa ndani yake.

Taswira iliyojengeka baadaye ni ya mji wa mawe wa Waarabu na Wahindi upande mmoja, na vibanda vya Waafrika upande wa pili, kana kwamba ndivyo ulivyozaliwa. Mwanahistoria Abdul Sheriff, mzaliwa wa Zanzibar, ameonesha kwamba sivyo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 nyumba za udongo na makuti zilichanganyika na za mawe katika rasi yenyewe. Mawe yalishinda pole pole, biashara ya karafuu na pembe za ndovu ilipopanda na maduka ya Wahindi yalipojipanga kando ya vichochoro. Ng'ambo nako kulikuwa na watu wa kila namna, wenye nazo na wasio nazo.

Katika kusoma Mji Mkongwe, Sheriff alifuata misikiti. Watawala wa Kiomani walikuwa Waibadhi, lakini misikiti mingi ya mji ni ya Wasunni. Misikiti ya Kiibadhi haikuwa na mnara wala mapambo, hata mpita njia akiweza kuikosa. Malindi, karibu na bandari, upo msikiti wenye mnara wa umbo la pia, wa Kisunni, uliojengwa upya mwaka 1831. Kila msikiti ulikuwa na mwenye kuujenga, wakfu wa kuuendesha na watu waliouzunguka, kwa hiyo ukijua wakfu utajua nani alimiliki mtaa. Katika mtaa wa Ukutani palikuwa na darasa la Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefariki mwaka 1925 na kusomesha wanafunzi kutoka mwambao mzima. Karibu na hapo Waismailia, Waithnaasheri, Mabohora, Wahindu, Wagoa na Waparsi kila mmoja alikuwa na mahali pake pa ibada na namna yake ya kuzika au kuchoma maiti. Washihiri walibeba mizigo na kuuza kahawa, na Wangazija waliingia katika elimu na ukarani. Hakuna mtaa uliokuwa wa kundi moja tu. Mtoto wa Kiponda alikua akisikia Kiswahili, Kikachi na Kiarabu kabla ya kuanza chuo cha Kurani.

Waingereza walipoutawala mji walitaka kila mtu awe na fungu lake. Mpangaji miji H. V. Lanchester, katika mpango wake uliochapishwa mwaka 1923, alichora mji uliogawanywa kwa rangi, ingawa fedha za kuutekeleza hazikupatikana. William Bissell, mwanaanthropolojia, ametumia nyaraka za serikali yenyewe kueleza jinsi mipango hiyo ilivyovurugika, idara moja ikipinga nyingine. Kilichobaki ni sheria za ujenzi zilizohesabu Ng'ambo kuwa sehemu ya wenyeji, ambako maji, taa na mifereji vingeweza kusubiri.

Sensa nayo ilikuwa na nguvu yake. Mwaka 1924 watu wengi walijiandikisha Waswahili. Kufikia sensa ya mwaka 1931 walikuwa wamebaki wachache sana, na wengi zaidi wakajiita Wahadimu, Washirazi au jina jingine. Damu za watu hazikubadilika katika miaka saba. Neno Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na katika dola iliyotoa haki kwa kufuata asili, asili ilikuwa na bei. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jambo hilo lilifika hadi jikoni, kwani mgao wa mchele ulitegemea mtu ameandikwa nani.

Mwanahistoria Laura Fair ndiye aliyeipa Ng'ambo ya wakati huo sauti yake. Katika kitabu chake cha mwaka 2001 alikusanya maneno ya wazee kuhusu nguo, nyimbo, mpira na kodi. Baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki walianza kuvaa kanga, na baadaye buibui, vazi lililokuwa la mabibi. Kwa Fair hiyo ni siasa iliyotamkwa kwa nguo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeuza vyungu, alihamia mjini mwaka 1911 na kuishi Ng'ambo. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za kwanza za taarabu ya Kiswahili. Mwaka huo huo wakaazi wa Ng'ambo, waliomiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake, waligoma kulipa kodi ya ardhi. Haiwezekani kuuelewa mgomo ule bila kuelewa mitaa: majirani walisaliana, walizikana na walishangilia timu moja, na kumfukuza mmoja wao ilikuwa kuwafukuza wote.

Utafiti uliokwenda ndani zaidi, pengine, ni wa Kjersti Larsen wa Norwei, aliyeanza kazi yake mjini katika miaka ya 1980. Yeye alisoma masheitani. Katika ngoma za uganga za Unguja masheitani nao wana makabila: ruhani ni Waarabu na Waislamu, rubamba hutoka Pemba, kibuki hutoka Bukini, yaani Madagaska, na ni Wakristo, na habeshia wana asili ya Uhabeshi. Kila kabila lina lugha yake, mavazi, chakula na manukato. Ruhani hutaka udi na marashi. Kibuki hutaka pombe kali, na mwanamke Mwislamu asiyeigusa maishani mwake huinywa pale anapopandwa na kibuki. Larsen hakuandika kuhusu ushirikina. Aliona kwamba wenyeji wa mji wenye asili nyingi hutumia ngoma kufikiri kuhusu asili hizo, na kukubali kwamba mgeni anaweza kukaa ndani ya mwili wa mtu na kupewa heshima zake. Masuria wa Kihabeshi wa majumba ya masultani hawapo tena, lakini habeshia bado huja na kudai vitu vyao.

Wanaume wana mahali pao pa kufikiri, napo ni barazani. Baraza ni kibao cha mawe kilichoungana na ukuta wa nyumba, na pia ni watu wanaokaa juu yake. Mtu wa mitaani na mwenye digrii hukaa pamoja, na muuza kahawa hupita na dele lake na kashata. Roman Loimeier, mtaalamu wa Kijerumani wa Uislamu Afrika, aliandika kuhusu baraza za Unguja mwaka 2007, akionesha kwamba kila baraza ina wenyewe, saa zake na mada zake, na habari za dunia hufika hapo kabla ya gazeti. Vijana waliita zao maskani, na siasa za vyama vingi zikaingia humo: Kisonge kule Michenzani, na Jaws Corner katikati ya Mji Mkongwe, ni majina yanayojulikana nchi nzima.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadilisha wakaazi kuliko yalivyobadilisha kuta. Waarabu na Wahindi wengi waliondoka, nyumba zikataifishwa, na familia kutoka Pemba, mashamba ya Unguja na Ng'ambo zikapewa vyumba katika majumba yaliyokuwa ya tajiri mmoja. Nyumba moja ikawa mtaa. Ng'ambo, kwa upande wake, ilipasuliwa na maghorofa ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki wakati wa Rais Abeid Amani Karume. Ni marefu kiasi kwamba watu wameyaita matreni. Mitaa mizima ilipotea chini yake.

Uhifadhi uliofuata uliangalia upande mmoja tu. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango wa hifadhi wa Aga Khan ukakamilika mwaka 1994 baada ya kukagua majengo yapatayo 1,700, na mwaka 2000 UNESCO ikauweka Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia. Ng'ambo, wanakoishi watu wengi zaidi, haikuwa na cha kuhifadhiwa machoni mwa wataalamu.

Mwaka 2013 Idara ya Mipango Miji na Vijiji ya Zanzibar, ikiongozwa na Muhammad Juma, ilianza na washirika wa Uholanzi kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo. Wanafunzi na wapangaji miji walipita mtaa kwa mtaa wakiuliza watu wanakaa wapi jioni, wanachezea wapi ngoma, mti gani una jina, kisima gani kilikuwa cha nani. Baraza, viwanja, misikiti na majumba ya sinema vikatiwa ramanini pamoja na barabara. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019 kuwa Ng'ambo Atlas, kitabu cha kwanza kuupa upande huo heshima ya ramani na historia yake. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa waliotoa habari zake walizitoa kwa Kiswahili, barazani mwao.

Karibu na wakati huo huo nyumba za zamani za Kwahani zilianza kubomolewa ili kupisha maghorofa mapya. Wakaazi walihamishwa, mipaka ya viwanja ikafutwa, na majengo yakasimama mahali pa yale yaliyochorwa katika kitabu. Mtaa bado unaitwa Kwahani.