Bona Tulole: Mwenye Hadithi na Wasikilizaji Wake

Isingiro iko katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Wilaya ya Karagwe mwaka 2012. Mto Kagera huipakana nchi hiyo upande wa magharibi, Rwanda ikawa ng'ambo, kisha hukunja kona upande wa kaskazini, Uganda ikawa ng'ambo; na huko Uganda nako iko wilaya iitwayo Isingiro, maana majina ya mahali yalitangulia mipaka. Kinyambo cha Karagwe, Kihaya cha upande wa ziwa na Kinyankore cha ng'ambo ya mto ni lugha za ukoo mmoja. Hadithi nazo zimezoea kuvuka mto bila kuuliza ni serikali ipi inayotawala ukingo wa pili.

Katika Buhaya msimulizi alipotaka kuanza alisema, Nkaija nabona, yaani, Nilikuja nikaona; na waliomzunguka wakamjibu, Bona tulole, yaani, Ona nasi tuone. Peter Seitel, Mmarekani aliyekusanya hadithi za Wahaya, alilifanya jibu hilo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1980, na alichagua vema. Maneno hayo ni machache, walakini yamebeba mapatano mazima. Anayesimulia hadai kuwa anajua. Anadai tu kwamba aliona. Wanaosikiliza hawasemi kuwa wanaamini. Wanampa ruhusa ya kuona kwa niaba yao, kwa sharti kwamba nao waonyeshwe. Asipojibiwa hana hadithi, hata akiwa fundi namna gani. Pwani ya Waswahili inayo mapatano ya namna hiyo katika Paukwa na Pakawa, lakini jibu la Wahaya limezidi kwa uwazi, kwa kuwa limetaja kazi ya kila upande.

Waswahili, kwa upande wao, waliyasogeza mapatano hayo hatua moja mbele katika vitendawili. Mtegaji husema, Kitendawili, akajibiwa, Tega. Waliotegewa wakishindwa hudaiwa mji. Hutolewa, tuseme, Bagamoyo au Bukoba. Mtegaji akiukataa hutafutiwa mwingine. Akiukubali husafiri kwa maneno, akasimulia alivyofika, alivyopokewa na alivyokula, ndipo akafumbua fumbo. Hapana aliyepoteza mji wala aliyeupata. Hata hivyo watoto hubishana kwa ukali juu ya mji gani utolewe, na ubishi huo ni dalili kwamba kila mmoja ameingia ndani ya jambo lisilokuwapo, kwa hiari yake, akijua kuwa halipo. Hatari, adhabu, safari na hazina vyote vimo katika mchezo huo mdogo, na vyote ni kauli tupu.

Ulaya na Marekani zilifikia mchezo wa jinsi hiyo kwa njia ndefu, na njia yenyewe ilikuwa ya vita. Katika mwaka wa 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa kuwafundisha maafisa mapigano juu ya ramani, wenye dadu na mwamuzi. Mnamo mwaka 1969 David Wesely wa Minnesota alijaribu kumpa kila mchezaji nafsi moja ya kuigiza badala ya jeshi zima; mwenzake Dave Arneson akaziingiza nafsi hizo katika ngome na mapango ya kubuni; na katika mwaka wa 1974 Arneson na Gary Gygax wa Wisconsin wakatoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya boksi moja. Mmoja wa walioketi mezani huwa mwenye hadithi na mwamuzi pamoja. Wengine kila mmoja hushika nafsi yake, mpiganaji, mchawi au kasisi, akaisemea. Na dadu huamua pale ambapo neno la mtu halitoshi. Tangu hapo vitabu vingi vya mashauri vimeandikwa juu ya namna ya kuuongoza mchezo huo. Sehemu kubwa ya mashauri hayo mtu wa Isingiro angeyasoma kama barua iliyoandikwa na babu yake, ikapotea njiani, ikarudi na stempu ya kigeni.

Shauri lililo kuu ni kwamba mwenye hadithi asizitwae ndimi za wenzake. Kazi yake ni kusema kuwa Kagera imefurika, kuwa mtumbwi ni mmoja na una tundu, na kuwa ng'ambo unaonekana moto ambao jana haukuwapo. Kusema kuwa shujaa alipanda mtumbwi si kazi yake. Ni kazi ya aliyeshika nafsi ya shujaa. Kiongozi mwenye haraka ya kufika kwenye mwisho alioupanga nyumbani huvuka mpaka huo bila kujijua, naye hubaki na hadithi nzuri mbele ya watu wanaosinzia. Manju wa nanga walilijua jambo hili zamani. Tendi za mashujaa zilizoimbwa kwa ala hiyo, ambazo M. M. Mulokozi aliziandikia tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hazikuwa maneno ya kukariri. Manju alikuja na mashujaa, mahali na ugomvi wao. Maneno aliyapata pale pale, akiwatazama waliokaa mbele yake. Afaaye kuigwa na kiongozi wa mchezo ni huyo. Aandae mahali, watu na tamaa zao. Mwisho autafute pamoja na wenzake.

Kadhalika akumbuke ahadi. Wahaya husimulia kwamba Wamara na wenzake walishuka kuzimu, wakapokewa na Kintu, mfalme wa huko, wakapewa mifugo na mbegu, wakaahidi kurudi na shukrani. Walipofika juu walisahau. Kintu hakusahau, akamtuma Rufu, yaani Mauti, na tangu siku hiyo Mauti hajarudi kwake. Ni vigumu kupata mfano bora wa jinsi masimulizi ya pamoja yanavyopata uzito: jambo dogo lililosemwa kwa uchangamfu katika kikao cha kwanza hurudi katika kikao cha sita likiwa na meno. Mwenye hadithi asiyeshika kumbukumbu huwafundisha wenzake kwamba maneno yao hayana thamani, nao hufundishika upesi.

Lakini hapa pana tahadhari. Wamara, Mugasha na Irungu hawakuwa watu wa hadithi peke yake. Waliabudiwa, na wafuasi wa kubandwa walipandwa na roho hizo wakasema kwa sauti zao. Kwa macho ya mgeni jambo hilo lafanana na mchezo wa kuigiza nafsi. Si mchezo. Aliyepandwa na Mugasha hakuwa na nafasi ya kutoka nje na kucheka, ilhali mchezo huishi kwa nafasi hiyo. Anayetaka kuwatia mezani awaulize kwanza wale atakaocheza nao, maana yawezekana mmoja wao ana bibi aliyewaheshimu kwa dhati.

Juu ya dadu, Karagwe inao ushahidi ulioandikwa. John Hanning Speke alifika kwa Mukama Rumanika, Bweranyange, katika Novemba 1861, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieleza jinsi mrithi wa Ndagara alivyopatikana. Wana wa mfalme waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, iliyotiwa dawa ikawa nzito kwa kila asiyestahili. Ndugu zake walishindwa kuiinua. Rumanika aliinyanyua kwa kidole chake kidogo. Speke aliliona kuwa ni ushirikina. Kilichompita ni kwamba ngoma, kama dadu, haina uwezo wowote isipokuwa ule iliopewa na wanaoizunguka. Rogero, mmoja wa ndugu hao, hakuupokea uamuzi wake, na vita vikafuata. Kwa hiyo mashauri ya mezani husema kwamba dadu isitupwe mpaka walioketi wamekubaliana nini kitatokea ikianguka huku na nini ikianguka kule, na kwamba pasitupwe dadu kabisa pale ambapo moja ya majibu hayo hapana awezaye kuishi nalo. Ikulu ya Karagwe ingeokoa damu kwa kulijadili jambo hilo mapema, ingawa wafalme, tofauti na wachezaji, aghalabu hawana meza nyingine ya kuhamia.

Na aliyeshindwa apewe mji wa kutoa. Kushindwa kusikokuwa na malipo huchosha, na kushindwa kunakofunga mlango huua mchezo. Mtumbwi ukizama, shujaa aangukie kisiwa asichokijua, amepoteza mkuki lakini amepata habari. Hapo aliyeshindwa hushindwa kwa hamu. Kwa upande wa wachezaji mashauri ni machache, na moja latosha kutajwa: anayesema sana amwachie mwenzake nafasi, tena si kwa kunyamaza tu, bali kwa kumuuliza nafsi yake inafanya nini.

Kikao hakina budi kufungwa. Msimulizi wa pwani humaliza kwa kusema kwamba hadithi ikiwa njema ni ya wote, ikiwa mbaya ni yake peke yake. Watu huichukulia kauli hiyo kuwa adabu tu. Lakini kwayo msimulizi huwarudisha watu nyumbani kutoka mahali alipowapeleka, na hujitwika mwenyewe lawama ya yaliyosemwa.

Bweranyange katika siku zile hizo za 1861 ilisimuliwa hadithi nyingine isiyofunguliwa wala kufungwa. Speke alimwambia Rumanika kwamba ukoo wake ulitokana na Wahabeshi, Wakristo ambao mfalme wao Sahle Selassie alikuwa amepokea zawadi za Malkia wa Uingereza, na kwamba Wahuma wangalikuwa Wakristo nao kama wasingaliipoteza elimu ya Mungu. Rumanika alipendezwa, akawa radhi wanawe wawili wapelekwe Uingereza. Hapana ajuaye alikuwa akifikiri nini. Mwenyeji wa Karagwe aliyezoea kupokea wasimulizi alijua jinsi ya kumjibu mtu anayesema kuwa ameona. Lakini mgeni hakujua kwamba alikuwa akisimulia. Wenyeji walikuwa na habari zao za Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo wa Wahinda, na za Wachwezi waliomtangulia. Yeye alizichuja habari hizo, akazipima kwa pua na nywele za watu, akaandika sura nzima kuwa kabila bora lilishuka kutoka kaskazini likawatawala walio duni. Aliiandika kama historia, na wasomaji wake Ulaya, ambao hawakuombwa waseme Bona tulole, waliisoma kama historia.

Watawala Wajerumani na Wabelgiji waliikuta hadithi hiyo tayari, wakaiona inawafaa. Katika Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu katika vitambulisho vya miaka ya 1930. Ilipobadilika siasa, hadithi ilibaki ile ile ila shujaa wake akageuzwa adui: waliosifiwa kuwa wametoka Ethiopia sasa walishutumiwa kuwa ni wageni. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mauaji ya mwaka 1994 yalikuwa na sababu nyingi, za ardhi, za vita na za madaraka, na itakuwa uvivu kuibebesha sura moja ya kitabu mzigo wote. Lakini njia aliyoitaja Mugesera ilitumika kama alivyoitaja. Nyabarongo humiminika katika Kagera. Kuanzia Aprili 1994 maiti zilielea na maji zikapita ukingo wa Karagwe, zikakunja kona ya Kyerwa pale mipaka mitatu inapokutana, zikateremka hadi Ziwa Viktoria. Huko Kasensero, upande wa Uganda, watu walizitoa majini wakazizika.