Maji ya Rotorua na Wenyewe

Mji wa Rotorua, katika kisiwa cha kaskazini cha New Zealand, unanuka kiberiti. Mgeni huziba pua siku ya kwanza. Siku ya tatu amekwisha kusahau. Kwa Wamaori wa Te Arawa hiyo ni harufu ya kwao. Katika maji yatokotayo ardhini walipika, walioga na kujitibu maradhi, na karne ya 19, Wazungu walipoanza kumiminika, wenyeji hao ndio waliokuwa waongozaji na wapokeaji wa ada. Watu wa Tuhourangi, kijijini Te Wairoa, walineemeka kwa kuwapeleka wageni kwenye Matuta ya Waridi na Meupe, ngazi za mawe zilizojengwa na maji yenyewe.

Neema huvuta macho. Mnamo Novemba 1880 Jaji Francis Fenton alipatana na Ngati Whakaue kwamba ardhi ya mji ibaki yao, ikodishwe kwa miaka 99. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria iliyoiweka serikali kati ya mwenye chemchemi na yeyote aliyeitaka. Wapangaji wakashindwa kulipa, na haikupita miaka kumi mingi ya ardhi hiyo ikawa imeuzwa kwa serikali. Hapo kati, tarehe 10 Juni 1886, mlima Tarawera ulilipuka, ukaua watu zaidi ya 100 na kuyaangamiza matuta. Tuhourangi wakapoteza jamaa na riziki usiku mmoja.

Serikali ikatamani kuwa na Ulaya yake. Mwaka 1902 akaja Dk. Arthur Wohlmann, tabibu wa maji, na mwaka 1908 likafunguliwa jumba la kuogea lenye sura ya kasri la Kiingereza. Wagonjwa walilazwa katika maji na matope. Mvuke nao, bila kujali fahari, ukayala mabomba. Jumba hilo baadaye liligeuzwa makumbusho.

Pigo jingine lilitoka chini. Mahoteli na nyumba zilichimba visima vya maji moto vingi mno, hata chemchemi zirukazo za Whakarewarewa zikaanza kufifia. Mwaka 1986 serikali iliamuru vifungwe visima vyote vilivyo ndani ya kilomita 1.5 kutoka Pohutu, iliyo kubwa kuliko zote. Wenye nyumba walinung'unika, na si bure, kwani walinyang'anywa joto la jikoni. Maji yakapanda tena. Kijijini Whakarewarewa, wenyeji wangali wakipika kwa mvuke huo, watalii wakitazama.