Kiwanja cha 50 kwa 100: Kutoka Futi Hadi Mita

Malindi na Kilifi, kama kwingineko nchini Kenya, madalali hutaja viwanja kwa futi ilhali hatimiliki huonyesha ukubwa wa ardhi kwa hekta. Mnunuzi asiyejua kubadilisha vipimo hivyo huenda akalipia ardhi asiyoipata.

Inchi 1 ni sentimita 2.54 kamili, kiwango kilichoafikiwa mwaka wa 1959 na Marekani, Uingereza na mataifa mengine yaliyotumia yadi. Futi 1, yenye inchi 12, ni mita 0.3048. Ili kupata mita, zidisha futi kwa 0.3048, ili kupata futi, gawanya mita kwa kiasi hicho hicho.

Hivyo, kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48. Eneo lake ni mita za mraba 464.5, yaani takriban hekta 0.046. Aghalabu huuzwa kwa jina la sehemu moja ya nane ya ekari. Hata hivyo, sehemu hiyo ikiwa kamili ni mita za mraba 505.9. Pengo ni mita za mraba 41, nafasi inayotosha vyumba vitatu vya futi 12 kwa 12.

Kabla ya kulipa, ni busara mpima ardhi aliyeidhinishwa alinganishe vigingi vya mipaka na ramani.