Sindano na Uzi: Namna Wazee Wetu Walivyoanza Kushona

Napenda kuwaeleza wasomaji wa kitabu hiki cha kumbukumbu habari za kazi moja ambayo kila mtu huivaa mwilini, lakini wachache ndio waulizao ilianzaje. Kazi hiyo ni ushoni.

Sababu ya kuandika ni hii. Siku moja baada ya sala ya Alasiri, kijana mmoja wa jumuiya yetu alisema mbele ya wazee kwamba babu zetu hapa Uganda walivaa magome ya miti kwa kuwa hawakuijua sindano, na kwamba kushona kuliletwa na wageni pamoja na nguo. Hapana aliyemjibu. Nami nilinyamaza, kwa maana sikuwa na la kusema. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Yapasa kwanza kujua ya kuwa sindano ni kongwe kuliko nguo ya pamba. Katika pango la Denisova, huko Siberia, wachimbaji walipata mwaka 2016 sindano ya mfupa wa ndege yenye tundu la kupitishia uzi, na umri wake wakisiwa kuwa miaka kama 50,000. Watu wa huko waliishi katika baridi kali. Ngozi ya mnyama ikitupwa begani tu haizuii upepo, lakini ngozi mbili zikiunganishwa kwa mshono hufanya vazi. Kwa hiyo haja ndiyo iliyomfundisha mwanadamu kushona. Pambo lilikuja nyuma. Wanavyuoni wetu nao wamepokea kwamba Nabii Idrisi (A.S.) ndiye wa kwanza aliyeshona nguo akaivaa.

Kutokana na kushona kulitoka kudarizi, yaani kuweka kitambaa juu ya kitambaa, pengine pamba au sufi katikati, kisha kuvishika pamoja kwa mishono mingi. Mfarishi wa kitandani hufanywa hivyo. Misri ya kale, yapata miaka 5,000 iliyopita, ilituachia sanamu ndogo ya pembe ya ndovu, ya mfalme aliyevaa joho ambalo wataalamu hudhani limedariziwa. Na karibu nasi zaidi, katika Sudani, wapanda farasi walivaa mavazi mazito yaliyojazwa sufi ili kujikinga na mishale na mikuki, na farasi wao wakavishwa vivyo hivyo. Huko huko, Muhammad Ahmad aliyejitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881 aliwaamuru wafuasi wake wavae juba lenye viraka, kuonyesha kwamba wameipa dunia kisogo. Ajabu ni kwamba baada ya ushindi viraka vile vilianza kukatwa kwa vipimo na kupangwa kwa rangi, na juba la umaskini likawa sare ya jeshi. Ndivyo sindano ilivyo: humtumikia mnyenyekevu, na humtumikia mwenye kujiona.

Sasa na turudi kwetu. Nguo ya asili ya Buganda ni lubugo, itokayo katika mti wa mutuba. Gome hubanduliwa wakati wa mvua, na shina hufungwa majani ya migomba ili lisikauke, likaota gome jipya. Kisha gome hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, kwanza mipana, halafu myembamba, mpaka likapanuka na kulainika. Masimulizi yasema kwamba Kabaka Ssemakookiro, aliyetawala karne ya 18 ikielekea mwisho, ndiye aliyewaamuru watu kuipanda mitutuba hiyo na kulivaa vazi hilo. Kazi yenyewe yajulikana hasa kuwa ya ukoo wa Ngonge. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kuwa moja ya hazina za ulimwengu.

Basi angalia jambo hili, nawe kijana uliyesema lisikilize. Gome la mti si kitambaa cha mtambo. Mahali palipotoka tawi hubaki tundu, na gome likipondwa pengine hupasuka. Fundi hakulitupa. Alilisawazisha lile tundu, akakata kipande cha lubugo kilichotosha, akakishona kwa sindano na uzi wa mmea, mishono midogo iliyolingana, hata kiraka kikawa kama sehemu ya nguo. Palipotakiwa shuka pana, vipande viliunganishwa kwa mshono. Speke, mgeni wa Kiingereza aliyefika kwa Kabaka Muteesa I mwaka 1862, aliyasifu mavazi hayo kwa unadhifu wake. Sindano, basi, ilikuwamo nyumbani mwa babu zetu. Na somo lake la kwanza lilikuwa kiraka.

Wageni walileta nini? Tuseme haki wala tusiwapunje. Mwaka 1844 mfanyabiashara wa Kiarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika katika baraza la Kabaka Ssuuna II, akamsomea habari za Uislamu. Pamoja na wafanyabiashara ikaja merikani, nguo ya pamba iliyofumwa Marekani na kupitia Unguja, ikachukuliwa vichwani na wapagazi safari ya miezi. Pamoja na merikani ikaja kanzu. Lubugo hufungwa begani na kuzungushwa mwilini, lakini kanzu hupimwa, hukatwa mwili na mikono, kisha huunganishwa. Kipya basi kilikuwa kipimo na mkasi. Waganda wakaipokea kanzu wakaipamba kwa darizi jekundu shingoni na kifuani, ambalo wao huliita omulela, na leo ni vazi la heshima la Mwislamu na asiye Mwislamu pia.

Cherehani ilikuja baadaye, na huko ilikotoka haikupokewa kwa furaha. Thimonnier, fundi wa Kifaransa, alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1830. Mwaka uliofuata mafundi wa Paris waliziingilia mashine zake wakazivunja, wakihofia kunyang'anywa riziki. Lakini mwaka 1851 Singer wa Marekani alipata hati ya mashine yake, nayo ikaenea duniani. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ikavushwa ziwani hadi Uganda, na mafundi wa Kihindi na wa Kigoa wakaketi barazani mwa maduka na cherehani zao. Hata gomesi, vazi la mama zetu, limepata jina kwa fundi Mgoa aliyeitwa Gomes. Mwaka 1972 Wahindi walipofukuzwa, mafundi wengi waliondoka pamoja nao. Lakini ufundi ulibaki mikononi mwa waliojifunza kwao.

Nami nina ushahidi wangu. Baada ya vita vya mwaka 1979 nguo zilikuwa haba, nami nilikuwa mtoto wa chuo. Marehemu mama yangu alinitia kiraka begani mwa kanzu, nikaona haya, nikakaa nyuma ya wenzangu. Mwalimu aliniona, akaniita mbele. Akatueleza kuwa Bibi Aisha alisimulia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoshona nguo yake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake, na kwamba Sayyidna Umar, aliyekuwa khalifa, alionekana na viraka katika vazi lake. Kisha akaligusa bega langu akasema, "Mama yako anajua kushona." Tangu hapo nilikaa mbele.

Leo nguo za mitumba zimejaa sokoni, na kifungo kikikatika mtu huitupa shati. Wazazi wengine huona ushoni ni kazi ya aliyeshindwa na masomo. Hiyo ni dharau isiyo na msingi. Nawaomba ndugu zangu, wafundisheni wavulana na wasichana kushika sindano. Asiyepata riziki kwayo ataisitiri aibu yake kwayo.

Mwanamume Mwislamu akihirimia Hija huvaa shuka mbili zisizoshonwa, na akifa sanda yake haihitaji fundi. Lakini kati ya kuzaliwa na kufa, kila siku tunaishi katika kazi ya mkono wa mtu. Mungu awarehemu mafundi waliotutangulia, na awape baraka waliopo. Amin.